Inalia Kulia

Kila Ijumaa baada ya shule, Ihirwe alikuwa na kazi moja asiyoipenda: kufuta viti vya plastiki. Mama yake, Illuminée, alikodisha viti na mahema ya harusi, na kila Jumamosi pikapu yao nyeupe ilivishusha kutoka kilima cha Rebero hadi popote palipo na sherehe. Baba alifanya kazi Rusumo, mpakani, na alirudi nyumbani mara moja kwa mwezi. Kwa hiyo mama aliendesha, kaka yake Manzi alipakia, na Ihirwe, mwenye miaka kumi na mitatu, alifuta.

Lakini Ijumaa hiyo hakuwa akifikiria viti. Alikuwa akifikiria kisasi.

Wiki mbili kabla, pikapu ilipoanza kutoa mlio wa ajabu, yeye ndiye aliyeusikia kwanza. Siku zote alikaa kiti cha nyuma, upande wa kushoto, mgongoni mwa mama, maana magari ya Rwanda yana usukani kushoto, na mlio ulitoka chini ya miguu yake. Akamweleza Manzi. Kwa bahati mbaya, Mukunde na wasichana wengine wa darasa lake walikuwa wamesimama hapo hapo. Manzi alikuwa mwaka wa pili katika shule ya ufundi, na alijiona fundi kuliko mafundi wote wa Kigali. Alicheka hadi akashika mbavu.

"Jamani, hii ni Redio Rebero! Inasikia mpaka mchwa wakikohoa!"

Jumatatu yake darasa zima lilikuwa na habari. Mwalimu akiuliza swali, sauti ya nyuma inanong'ona, "Washeni redio!" Ihirwe alilia chooni mara mbili. Mara ya tatu hakulia tena. Alinawa uso na kuapa kwamba Manzi naye atachekwa, tena mbele ya watu, tena kwa jambo lile lile la ufundi wake. Asiyekuwa na nguvu ana subira, na Ihirwe alikuwa nayo tele.

Nafasi ilikuja ikiwa na miguu yake yenyewe. Mlio ulizidi, na Mzee Bigirimana, jirani yao aliyekuwa fundi wa magari huko Bujumbura kwa miaka mingi, aliposimuliwa akasema, "Iyo ni beringi ya gurudumu ya mbele. Mubadirishe kabla haijavunjika." Mama akanunua beringi mpya. Manzi akaomba aifunge mwenyewe nyumbani, na mama akakubali, mradi Mzee aje kukagua kabla gari halijatoka.

"Lakini ni gurudumu gani?" mama aliuliza. "Ihirwe, weye unakaa nyuma. Unaisikia wapi?"

"Inalia kulia," Ihirwe alijibu.

Alimaanisha kwamba gari likikata kona ya kulia, ndipo linapolia zaidi, kwa sababu uzito huegemea upande wa kushoto, ule uliokuwa ukilia chini ya miguu yake. Lakini Manzi, bila hata kuinua kichwa, alidakia, "Gurudumu la kulia. Mimi nilijua zamani."

Ihirwe alifungua kinywa amsahihishe. Kisha akakumbuka chooni, akakumbuka redio, akakifunga. Ajifungie huyo fundi gurudumu lisilo bovu! Mzee akija kukagua kesho, zamu ya kucheka itakuwa ya Ihirwe.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi, siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa. Watu wazima wote wa mtaa walikwenda kuzibua mitaro, mama na Mzee Bigirimana miongoni mwao, na barabara zilikuwa kimya. Manzi aliweka mawe nyuma ya magurudumu, akalegeza nati, akainua pikapu kwa jeki upande wa kulia.

"Nipe spana kubwa, Redio."

"Hii hapa, fundi," Ihirwe alisema kwa sauti tamu kama asali. Manzi angekuwa mwangalifu, utamu huo ungemtia shaka.

Alifanya kazi vizuri, lazima tuseme ukweli. Alitundika breki kwa waya ili bomba lake lisivutike, akanyoosha pini, akafungua nati, akavuta kikombe cha gurudumu. Beringi ya zamani ilipotoka aliitupa kwenye sinia bila kuitazama, akaanza kupaka grisi ile mpya. Ihirwe aliiokota, akaifuta kwa kitambaa, akaizungusha kidoleni. Ilizunguka laini, kimya, bila kukwaruza popote. Ilikuwa nzima.

Aliitia mfukoni mwa sweta. Huo ndio ungekuwa ushahidi wake.

Saa tatu nzima alimtazama kaka yake akitokwa jasho, akigonga, akijikata kidole na kukifunga kwa kitambaa, na kila tone la jasho lilimburudisha. Alijisemea moyoni maneno atakayosema Mzee akifika: "Fundi wetu, hebu tueleze, hii beringi iliugua nini?" Alimwalika hata Mukunde aje kutazama. Kazi ilipokwisha, akaingia ndani kunawa na kuvaa gauni lake la Jumapili. Siku ya ushindi haivaliwi sweta lenye grisi. Beringi aliihamishia mfuko wa gauni.

Alikuwa akifunga vifungo aliposikia injini ikiwaka.

Alitoka mbio. Geti lilikuwa wazi. Pikapu ilikuwa imeshaanza kushuka, imejaa hadi juu viti vilivyopakiwa tangu jana, na kwenye dirisha la nyuma, upande wa kushoto, mdogo wao Ngabo wa miaka sita alikuwa akimpungia mkono. Alikuwa amekaa mahali pa Ihirwe.

"Mama ameenda wapi?" aliuliza Ihirwe.

"Harusi Gatsata," Manzi alijibu huku akifuta mikono. "Karudi tu kutoka umuganda, wakampigia kwamba viti vimechelewa. Nimemwambia kazi imekwisha. Mzee atakagua wakirudi."

Gatsata! Kushuka mlima wote, kupita makutano ya Sonatubes, kuvuka mji mzima. Hata hapo kisasi kilimnong'oneza: nyamaza kidogo tu, wakirudi utasema. Lakini pikapu ilifika kwenye kona ya kwanza chini ya nyumba, ikakata kulia, na mlio ukapanda mpaka getini, mzito na wa kukwaruza kuliko siku zote.

Manzi aliganda. "Bado inalia. Kwa nini bado inalia?"

Ihirwe alitoa beringi mfukoni. "Ni la kushoto. Nilijua tangu jana."

Manzi aliitazama beringi, kisha akamtazama dada yake. Alimpigia mama simu, lakini mama hashiki simu akiendesha. Alipoinua macho, Ihirwe hakuwepo.

Barabara ya Rebero inashuka kwa kujizungusha, lakini kuna njia ya miguu yenye ngazi inayokata moja kwa moja katikati ya nyumba. Ihirwe aliishuka akiwa ameshika gauni mkononi. Kiatu kimoja kilibaki njiani. Alimpita Mzee Bigirimana aliyekuwa akipanda na jembe lake begani, akapiga kelele, "Mzee, gurudumu!" bila kusimama. Alitokea chini kabisa ya mteremko wakati pikapu inakuja, akasimama kando ya barabara akapunga mikono yote miwili.

"Mama, simama! Simama!"

Mama alikanyaga breki. Gurudumu la mbele la kushoto liliyumba, likatoa harufu ya chuma kilichoungua, na gari likasimama.

Mzee na Manzi walifika wakihema. Mzee aliomba jeki, akainua upande wa kushoto, akashika gurudumu juu na chini, akalitikisa. Lilicheza.

"Kama jino langu!" alisema Ngabo, akigusa jino lake lililolegea. Hakuna aliyecheka.

Walipofungua, vipande vya beringi vilidondoka kwenye kiganja cha Mzee, vyeusi, vimesagika. Alitikisa kichwa.

"Mana yangu, Mungu! Ingefika Sonatubes, gurudumu ingewaaga. Manzi, shureni hawakukufundisha? Kwanza unainua pande zote mbili, unatikisa, unazungusha, unasikiriza. Chuma haikudanganyi. Nani alikuambia ni ya kuria?"

"Hakuna, Mzee," Manzi alisema polepole. "Nilisikia neno moja, sikuuliza la pili."

"Mimi nilijua," Ihirwe alisema. "Nilinyamaza ili achekwe."

Akasimulia yote, mbele ya Mukunde, aliyekuwa amefika nyumbani kama alivyoalikwa kisha akawafuata kwa miguu, kuanzia redio hadi gauni. Mama hakumpigia kelele. Alimwita jirani mwenye gari, viti vikapelekwa harusini, na Manzi akatumwa kununua beringi nyingine. Mchana huo waliifunga pale pale kando ya barabara, Ihirwe akipaka grisi kwa viganja vyake na gauni la Jumapili limekwisha kuharibika. Manzi alipokaza nati ya mwisho alisema bila kumtazama, "Nilikosea kukucheka. Ulisikia kabla yetu sote."

Walipomaliza, mama aliwaita wote wawili.

"Manzi, ukimcheka mtu akisema kweli, siku nyingine hatakuambia. Umezoea kufunga midomo ya watu, leo umeona bei yake. Na weye Ihirwe, kisasi chako ulikitengeneza kwa ajili ya mtu mmoja. Lakini tazama nani alikuwa amepanda ile gari. Ukiwa na ukweli unaoweza kumwokoa mtu, si mali yako. Usiuweke mfukoni ukingoja siku ya kuvaa vizuri."

Ihirwe alimtazama Ngabo, aliyekuwa amerudi kwenye kile kiti cha nyuma, upande wa kushoto, akijaribu kuchezesha jino lake. Machozi yakamtoka.

Pikapu ilipanda Rebero, ikakata kona ya kulia. Kimya. Hakuna kilichosikika ila injini.

"Mama," Ngabo aliuliza, "mbona dada analia?"

"Mwache alie," mama alisema, akibadilisha gia. "Gari imenyamaza. Sasa ni zamu yake."