Jibu la Arletha

Kila akitoka shule, Arletha aliketi karibu na bibi yake, Binah, akimpa nyasi za kushonea vikapu huku akijisomea. Mwaka huo, 1912, mtoto mmoja tu wa visiwa vya Karolina Kusini, Marekani, angepelekwa mjini Charleston kusomea ualimu. Kisiwa chao kizima kilimtegemea yeye.

Mtihani ulikuwa na swali hili: "Kwa nini majimbo ya Kusini mwa Marekani yalijitenga na Kaskazini na kuingia vitani?" Arletha alikuwa amekariri kitabu cha shule, kikuukuu kilichotupwa na shule ya Wazungu. Akaandika vilevile: kodi, na haki ya majimbo kujiamulia. Akapata alama zote.

Wazee wengi wa kisiwa hawakujua kusoma, maana zamani mtumwa akikutwa na kitabu alichapwa. Kwa hiyo mtoto akifaulu, Jumapili alisimama katika nyumba ya sala akawasomea karatasi yake, neno kwa neno. Arletha alisoma kwa madaha. Alipofika kwenye kodi, vifijo vikakatika.

"Hebu rudia hapo, mjukuu wangu," Bibi Binah alisema.

Akarudia.

"Kodi! Kwani mimi nilikuwa wapi?" Bibi alicheka kwa uchungu. "Nilikuwa na miaka kumi, nachochea moto wakati bwana aliyetumiliki na wageni wake wakisomeana tangazo lao la kujitenga. Walisema wazi, bila haya: watu wa Kaskazini wanaficha watumwa wetu, watatunyang'anya wote! Wiki ileile akamuuza dada yangu Sukey, akanunua farasi wa vita. Mpaka leo sijamwona. Sasa Sukey ndiye kodi?"

"Nilijua, Bibi," Arletha alisema akilia. "Ulishanisimulia. Niliogopa kukosa nafasi."

Hakuna aliyemgombeza, na hilo lilimuumiza zaidi.

Jumatatu mkaguzi, Mzungu, alikuja kumthibitisha. Akamuuliza swali lilelile ana kwa ana. Arletha akajibu: "Walijitenga ili waendelee kutumiliki, bwana. Waliandika wenyewe."

Mkaguzi alikata jina lake kwenye orodha. Nafasi ikaenda kisiwa kingine.

"Mwalimu, sasa nimepata nini?" Arletha alimuuliza mwalimu wake, Bi Gadsden.

"Hujapata kitu, mwanangu. Sitakudanganya, maana leo wewe hukudanganya. Huenda hata wajukuu zako watapewa kitabu kilekile. Lakini tukinyamaza sote, watatuambia Sukey hakuuzwa. Ukweli useme hata ukikugharimu."

Arletha alirudi nyumbani akiwa amevunjika moyo kabisa. Akachukua karatasi yake, akalikata neno kodi, na juu yake akaandika: Sukey.

"Nionyeshe lilipo," Bibi alisema. Akaweka kidole juu ya jina la dada yake, na hakukiondoa kwa muda mrefu.