Gundi Juu ya Fuwele

"Fahmi, imeruka. Fuwele yako imeruka."

Swabaha alipiga simu kutoka maabara, upande wa Buxton. Mchumba wake Fahmi, fundi saa wa mtaa wa Kuze, aliziba sikio la pili amsikie vizuri.

"Imeruka vipi?"

"Tuliipaka heliamu, utando mwembamba usioonekana. Utando ukinata, fuwele hutetemeka polepole kwa uzito. Baridi ikizidi sana, utando huteleza bila msuguano, fuwele ikaongeza kasi kama hamali aliyetua gunia. Kasi hiyo ndiyo tuliyoiona leo. Jumatatu nasimama kikaoni mbele ya wakuu wangu, niwaeleze matokeo haya."

"Mashallah," alisema Fahmi.

Fuwele aliitoa yeye kwenye saa kuukuu, ndogo kama punje ya mchele, ina miguu miwili kama uma. Kibano kilimteleza, mguu mmoja ukaingia ufa. Akautia tone la gundi, akampa Swabaha bila kumwambia. Na gundi ikibanduka kwa baridi, fuwele hupungua uzito. Nayo huongeza kasi vilevile.

Siku tatu chakula hakikumshuka. Jumapili alasiri akaandika: "Nataka kukuona kabla ya kesho."

Jibu likaja: "Niko Makadara nanunua viazi karai. Naja."

Alikuja navyo, akaketi kwenye kiti cha wateja dukani kwa Fahmi, akaanza kuvila peke yake.

"Swabaha, ile fuwele niliitia ufa. Nikaiunga kwa gundi. Nilichelea utaniona fundi wa kubahatisha, na posa ndiyo kwanza imepokelewa."

Swabaha aliendelea kutafuna.

"Hukukasirika?"

"Utando wa kweli ukiupasha joto hunata tena, na fuwele hupunguza kasi. Yako niliipasha joto Ijumaa. Haikupunguza. Nikaitia chini ya hadubini, nikaiona gundi yako."

"Na kikao cha kesho?"

"Niliwaambia wakuu siku ileile, wakakiahirisha."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilingoja uniambie wewe. Nimekasirika, Fahmi, usijidanganye. Si kwa ufa. Kila fundi huvunja."

Fahmi aliinamisha kichwa. "Nisamehe."

"Nitolee nyingine. Nitakaa hapa nikitazama."

Alivaa miwani ya ufundi, akashika kibano.

"Mbona huanzi?," alisema Swabaha.

"Wewe waniangalia."

"Basi nitaangalia viazi."

Ikasikika sauti ndogo, tiki. Fahmi akavua miwani.

"Swabaha, imevunjika."

Swabaha alimsogezea viazi, kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Haya. Kula kwanza, halafu uchukue nyingine."