Shamba la Maharage na Helikopta ya Mheshimiwa

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya mstarini, wanafunzi wa darasa la sita waliteremka kwenye shamba la shule. Kiongozi wao alikuwa Salvina, msichana mwembamba mwenye sauti ya kusikika mbali. Huko Kibosho, kwenye miteremko ya mlima, ardhi tambarare ni adimu. Shule yao ilibahatika kuwa na kipande kimoja chini ya madarasa, na hapo walipanda maharage. Waliyamwagilia maji ya mfongo, yaani mfereji uliochimbwa na wazee kuleta maji kutoka msituni, na waliyapalilia kwa zamu.

Maharage hayo yalikuwa ya kupikia makande, chakula chao cha mchana shuleni. Mwaka uliotangulia yaliisha mapema, na watoto wa darasa la kwanza walikuwa wakisinzia darasani kwa njaa. Salvina hakutaka kuona jambo hilo tena.

Jumatatu moja, maganda yakiwa yameanza kujaa lakini bado mabichi, alikuja Bwana Eliona, mtendaji wa kijiji. Aliongozana na mwalimu mkuu, Mwalimu Gladys. Wanafunzi waliacha kazi wakawaamkia.

"Marahaba," aliitikia Bwana Eliona. "Alhamisi tuna mgeni. Mheshimiwa mbunge anakuja kuzungumza na wananchi kuhusu barabara, na atakuja kwa helikopta. Uwanja wa mpira umezungukwa na miti mirefu, kwa hiyo atatua hapa. Haya maharage yang'olewe leo na kesho."

Salvina alidhani hakusikia vizuri. "Samahani, mzee. Hayajakomaa. Yakingojewa kidogo tu, tutavuna."

"Mheshimiwa hawezi kungoja maharage."

"Basi kwa nini asije kwa gari? Moshi mjini si mbali."

"Barabara ni mbovu, binti. Unataka mgeni wetu akwame njiani?"

"Sisi tunapita hiyo hiyo," alisema Salvina. "Masika iliyopita mama yake Yohana alijifungulia njiani, gari likiwa limezama kwenye tope. Na mheshimiwa anakuja kuzungumzia barabara hiyo hiyo. Ataijuaje akiwa angani?"

Yohana, aliyekuwa ameshika jembe pembeni, aliinamisha kichwa. Bwana Eliona alikunja uso. "Mtoto hapangi safari za wakubwa," alisema, akaondoka.

Wanafunzi walimtazama mwalimu wao. Mwalimu Gladys akasema kwa sauti ndogo, "Ng'oeni, wanangu."

Waling'oa. Salvina alivuta shina baada ya shina. Maganda machache yaliyofaa yalipelekwa jikoni, na mengine yote wakapewa ng'ombe.

Alhamisi wanafunzi walipangwa mistari tangu asubuhi, wamevaa sare safi. Mawingu yalikuwa yameshuka hadi kwenye migomba. Karibu na adhuhuri walisikia mngurumo juu yao. Ulizunguka, ukazunguka tena, kisha ukafifia kuelekea mjini. Helikopta hawakuiona. Baadaye Bwana Eliona alipokea simu, akatangaza kwamba rubani ameshindwa kutua kwa sababu ya ukungu. Watoto wakarudi darasani na njaa yao.

Jioni Salvina alimkuta baba yake, Martin, akimkatia ng'ombe majani. Martin alikuwa mpagazi, akibeba mizigo ya wageni wanaopanda mlima. Salvina alimsimulia yote, machozi yakimlengalenga.

"Nazichukia helikopta," alimaliza.

Martin aliweka panga chini. "Usiseme hivyo, mwanangu. Nilipougua mapafu kule juu, ni helikopta iliyoniteremsha. Bila hiyo ungekuwa huna baba."

"Wewe ulikuwa unakufa, baba. Yeye alikuwa anakufa?"

Martin aliokota panga lake, akalifuta kwa majani. "Jumapili kuna mkutano wa kijiji," alisema. " Hayo uliyoniambia, utayasema pale. Lakini utayasema kwa adabu, na usiongeze chumvi."

Jumapili, baada ya misa, wanakijiji walikusanyika mbele ya ofisi ya kijiji. Bwana Eliona alisimama akaeleza kwamba mheshimiwa atarudi Alhamisi inayofuata, mawingu yakiruhusu.

"Wapo wanaonung'unika," aliongeza. "Ndugu zangu, hakuna kilichoharibika. Pale shuleni palikuwa na majani tu."

Martin alimgusa Salvina bega. Salvina alinyoosha mkono, mwenyekiti wa mkutano akamruhusu.

"Shikamooni wazee wangu," alianza. "Pale hapakuwa na majani. Palikuwa na maharage ya chakula chetu, tuliyoyalima wenyewe. Tuliambiwa tuyang'oe ili mheshimiwa asipite kwenye barabara mbovu. Mgonjwa akibebwa na helikopta, hiyo ni haki yake. Lakini mtu mzima mwenye afya, anayekuja kutuuliza habari za barabara, kwa nini aikwepe? Na kwa nini jasho letu liitwe majani?"

Mwalimu Gladys alisimama. "Mtoto amesema kweli. Mimi ndiye niliyewaamuru wang'oe. Nilijua si haki, nikaogopa kusema."

"Aliye juu mngoje chini," alisema bibi mmoja aliyekaa mbele, na watu wakacheka. Lakini baada ya kicheko walijadiliana kwa uchungu, wakakubaliana kwa kauli moja: mheshimiwa akaribishwe, ila aje kwa barabara, na aelezwe kisa cha maharage. Bwana Eliona alitakiwa kupeleka ujumbe huo kama ulivyo. Aliupeleka.

Alhamisi gari la mheshimiwa lilikwama kwenye mteremko baada ya daraja. Vijana walilisukuma, likagoma. Mheshimiwa akapanda kwa miguu, viatu vimejaa tope, akafika akihema. Kabla ya kuhutubia aliomba aonyeshwe shamba. Alichuchumaa, akagusa udongo mtupu.

"Wiki iliyopita sikuambiwa kwamba hapa palikuwa na mazao," alisema.

"Wala hukuuliza, mheshimiwa," alijibu Salvina.

Bwana Eliona aliangalia chini. Mheshimiwa akasema, "Ni kweli. Sikuuliza. Nisameheni."

Wiki hiyo alituma magunia ya maharage, ya kula na ya mbegu. Kabla ya mvua za masika, greda lilipanda Kibosho na mteremko ule ukamwagiwa kifusi na mawe. Bwana Eliona alifika mstarini mwenyewe akawaomba wanafunzi radhi kwa kuliita shamba lao majani.

Darasani Salvina bado alikuwa na swali. "Mwalimu, je, kama tungenyamaza ingekuwaje?"

"Mngekuwa mnasinzia kwa njaa, na mheshimiwa angekuwa bado angani," alijibu Mwalimu Gladys. "Helikopta si mbaya. Kuna moto, kuna mafuriko, kuna wagonjwa mlimani. Ubaya ni kiongozi kuitumia ili asipite pale wanapopita watu wake. Na ubaya mwingine ni sisi tulio chini kumficha ukweli ili apendezwe. Mimi nilinyamaza, nanyi mkapoteza chakula. Msinifuate katika hilo. Mkiona dhuluma, semeni ukweli wote, kwa adabu, mbele ya watu, hata kama anayesikiliza ni mkubwa kuliko ninyi."