Insha ya Ng'ombe na Maharage

Kijijini Kagerankanda kuna baridi ya asubuhi ambayo, wazee wanasema, iliwahi kumzuia jogoo kuwika mpaka jua lilipompasha koo. Lakini asubuhi ile Benita hakuhisi baridi. Alikuwa na hasira, na hasira yenyewe ingetosha kuchemshia uji wa nyumba tatu.

Alikuwa amesimama bondeni, kwenye shamba lake la maharage ya kiangazi. Jana yalikuwa maharage. Leo zilikuwa nyayo. Ng'ombe wa Mzee Ndayikeza walikuwa wameingia, wakala majani, wakala maua, na waliposhiba wakalala juu ya yaliyobaki. Mmoja aliacha samadi katikati ya tuta, kama mtu aliyetia sahihi.

Maharage yale ndiyo yangekuwa mboga ya nyumba yake mpaka mavuno mengine. Benita alipanda mlima akipiga kelele. Watu wanasema sauti yake ilifika Kibondo, ikageuza, ikarudi imechoka. Yeye mwenyewe hakuchoka.

Desturi ya kijiji ilikuwa ya zamani. Mahindi yakishavunwa, mashamba yote ni malisho. Hakuna uzio, hakuna kuomba ruhusa. Zamani haikumuumiza mtu, kwa sababu kiangazi hakuna aliyelima. Siku hizi akina mama wanalima bondeni kwenye unyevu, kiangazi kizima. Kwa hiyo desturi ilisema ng'ombe waingie, na tumbo la Benita lilisema wasiingie.

Jambo hili lilikuwa limeshapelekwa kwenye mkutano wa kijiji. Wakulima walipiga kelele, wafugaji wakapiga kelele, mpaka mwenyekiti akakauka koo na watu wakatawanyika bila kuamua lolote. Safari hii mwenyekiti alitaka njia nyingine. Alitaka insha moja yenye hoja za pande zote mbili. Isomwe kwanza, watu wote wanyamaze na kusikiliza, ndipo wanyooshe mikono.

Mwalimu Lukmani, anayefundisha darasa la watu wazima, aliombwa atafute mwandishi. Alimchagua Benita, kwa kuwa hakuna aliyemzidi kuandika darasani. Lakini alimwonya. Insha ikipendelea upande mmoja, mwenyekiti hataruhusu isomwe. Isiposomwa, hakuna kupiga kura. Na bila kura, desturi inabaki vilevile, na ng'ombe wanaingia tena.

Constantin, mume wake, aliposikia mke wake ndiye ataandika habari za Ndayikeza, alitoka nje akaanza kupasua kuni. Kuni zilikuwa zimeshapasuliwa. Alizipasua tena.

Benita aliandika kwa nguvu mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Insha ilianza hivi: "Ng'ombe ni mnyama mwenye matumbo manne na hana aibu hata moja. Aliyemfundisha ni mwenye ng'ombe." Kutoka hapo ilizidi kuwa mbaya. Ndayikeza alitajwa kila mstari. Mama yake Ndayikeza, ambaye alishafariki, naye hakuachwa apumzike.

Mwalimu Lukmani aliisoma yote. Kisha akairudisha.

"Mama Divine," alisema, akimwita Benita kwa jina la mtoto wake, "hii si insha ya pande mbili. Haya ni mashitaka, na hukumu umeshaitoa."

"Kwani nimeongopa wapi?"

"Sijasema umeongopa. Nimesema umesema peke yako."

Benita aliichukua karatasi yake akaondoka bila kuaga. Njiani alimwombea mwalimu ng'ombe waingie darasani wale chaki zote.

Nyumba ya jirani ilikuwa na duka la chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Mwenye duka aliitwa Bi Firdausi. Watu wake walitoka Ujiji zamani, na kazi yake ya pili ilikuwa ushenga. Waislamu walimtuma, Wakatoliki walimtuma. Inasemekana aliwahi kwenda kuposa kwenye nyumba iliyofungwa mlango. Akaposa kupitia dirishani, na dirisha nalo lilikuwa limefungwa.

Benita alimsomea insha. Bi Firdausi alisikiliza huku anapima chumvi.

"Mwanangu," alisema, "mimi nikitumwa ukweni, nikifika nikasema, 'Binti yenu mvivu, baba yake mlevi, lakini kijana wetu ni malaika,' nitarudi na mchumba?"

"Utarudi na ngeu."

"Basi wewe umekwenda ukweni na fimbo."

Akamweleza kazi yake ilivyo. Mshenga hubeba maneno ya huku akayafikisha kule yakiwa mazima. Hubeba ya kule akayaleta huku, hata yakiwa machungu, hata kama yeye hayapendi. Hapunguzi na hachomeki yake. Mwishoni wazee wakimuuliza anaonaje, hapo ndipo anasema lake. Na watu humsikiliza kwa sababu hakuwaficha kitu. Insha ya pande mbili, alisema, ni ushenga wa karatasi.

Benita akakaa kwenye gunia, akaandika nyingine palepale. Aliweka shida za wakulima, ukurasa mzima. Kisha akaumauma kalamu, akaongeza: "Kwa upande mwingine, wafugaji nao ni watu. Hata hivyo, si sana."

Bi Firdausi alicheka mpaka akashika rafu za duka. Alipopata pumzi alisema, "Hoja za Ndayikeza ziko wapi hapa?"

"Hana hoja. Ana ng'ombe."

"Hoja zake anazo yeye, wewe huna. Utabebaje mzigo usioufuata? Nenda kamuulize. Na ulete ile hoja yake nzito, siyo ile nyepesi unayoweza kuipiga teke."

"Nikienda nitampiga teke mwenyewe."

"Muulize kwanza. Teke haliozi."

Asubuhi yake Benita alikwenda. Alikuwa amepanga matusi njia nzima, makubwa mbele, madogo nyuma. Lakini kwetu sisi Waha huwezi kuingia kwenye mji wa mtu bila salamu, na salamu yetu haina haraka. Unainama, unapiga makofi taratibu, unaulizia nyumba, unaulizia watoto, na mwenzako anapiga makofi na kujibu. Ni vigumu kumtukana mtu huku unampigia makofi.

"Mwakeye," alisema Benita, kwa sauti ya kutafuna mawe.

Ndayikeza alijibu, naye akapiga makofi. Wakaulizana nyumba. Wakaulizana watoto. Walipofika "habari za shamba," makofi yakakoma yenyewe.

Kumbe mzee naye alikuwa na hasira, tena imeiva. Alisema ameitwa mwizi mpaka na watoto wa shule. Benita akamwambia amekuja kuandika hoja zake, siyo kuomba radhi. Mzee akachukua fimbo yake, akamwambia amfuate.

Walishuka mpaka bondeni, karibu na mto. Ndayikeza akasimama.

"Nionyeshe njia ya ng'ombe kwenda majini."

Benita alitazama. Palikuwa na maharage, matembele, vitunguu, kutoka ukingo mpaka ukingo. Njia haikuwepo. Aliikumbuka vizuri, alipokuwa msichana ilikuwa pana, ng'ombe wanne wanapita sambamba. Kila mama alikuwa ameongeza tuta moja, mwaka baada ya mwaka. Matuta mawili ya mwisho yalikuwa ya kwake.

"Kiangazi maji yako hapa tu," alisema Ndayikeza. "Ng'ombe wangu hawana mabawa, Mama Divine. Na mahindi yako ya kule juu yanastawi kwa samadi ya nani?"

Hilo lilimuudhi Benita kuliko maharage yaliyoliwa. Ni kazi ngumu kumkasirikia mtu anayesema kweli. Lakini hakuja kushindwa.

"Siku ile ng'ombe walikuwa na mchungaji?"

Ndayikeza alichora chini kwa fimbo.

"Hawakuwa naye," alisema. "Liandike na hilo."

Benita aliporudi nyumbani aliandika upya. Hasira ilikuwepo, imekaa hapo karibu yake kama paka jikoni, lakini safari hii hakuipa kalamu. Alianza kwa kueleza jambo lenyewe, kwamba kijiji kina desturi ya malisho baada ya mavuno, na kwamba watu hawakubaliani kuhusu bonde. Hapo hakusema nani ana haki. Aya iliyofuata aliipa wakulima: chakula cha kiangazi, jasho la akina mama, shamba lililoliwa bila mchungaji. Aliweka mfano aliouona kwa macho yake, akaacha matusi. Kisha akaandika "kwa upande mwingine," na safari hii akamaanisha. Aliandika kiu ya ng'ombe, njia iliyolimwa, samadi inayolisha mahindi. Aliandika kwamba katika njia ile kuna matuta mawili ya mwandishi. Mkono ulikataa kidogo, akaulazimisha.

Alibaki na mwisho. Alikwenda kumuuliza Bi Firdausi kama anaruhusiwa kusema maoni yake, au akae katikati kama kigingi.

"Umebeba ya huku, umebeba ya kule," alisema Bi Firdausi. "Sasa sema lako. Ila litoke kwenye uliyoyabeba. Usiokote jipya mlangoni."

Basi aliandika kwamba, kwa maoni yake, desturi ibaki kwenye mashamba ya juu, ambako samadi inahitajika. Bondeni ng'ombe wasilishwe kiangazi. Lakini njia ya kwenda majini ifunguliwe upya, kila mwenye tuta ndani yake aling'oe, na ng'ombe wapite na mchungaji.

Siku ya mkutano Benita alisoma mwenyewe. Alipofika kwenye maharage yaliyoliwa, wafugaji waliguna. Alipofika kwenye njia iliyolimwa, akina mama waliguna zaidi, na mmoja akamwita msaliti. Benita alimkazia jicho ambalo lingeweza kukausha muhogo, kisha akaendelea kusoma. Wafugaji, waliokuwa wamekuja na majibu ya matusi, walibaki nayo mkononi. Hawakuona pa kuyaweka. Hoja yao ilikuwa imeshasemwa, tena vizuri kuliko ambavyo wangeisema wenyewe.

Mikono iliponyooshwa, ilikuwa mingi upande wa insha. Mkono wa Ndayikeza ulikuwemo. Ulipanda polepole, lakini ulipanda.

Benita aling'oa matuta yake mawili kabla ya mtu yeyote, akinung'unika kila jembe lilipoingia ardhini. Kiangazi kilichofuata alivuna maharage yote ya matuta yaliyobaki, na Mwalimu Lukmani akaitumia insha yake kufundishia darasani. Chaki zake hazikuliwa.

Jioni moja ya kiangazi hicho ng'ombe walikuwa wanapita kwenye njia yao, Ndayikeza nyuma na fimbo. Fahali mmoja aliinamisha kichwa, akanyakua jani moja la maharage kutoka pembeni. Moja tu. Benita akanyanyuka na jembe mkononi.

"Haya, Mama Divine," alisema Ndayikeza, akimchapa fahali. "Nenda kaandike na hilo."

"Nitaandika," alisema Benita. "Ila kwanza nitamuuliza ng'ombe."