Tandiko la Shangazi

Jumanne ile, mvua ndiyo kwanza imekatika na uwanja bado unateleza, Shangazi alimtupa binti wa mtunza farasi chini mbele za watu.

Shangazi si mtu. Ni farasi jike mwekundu, mwenye doa jeupe kwenye paji la uso, na jina alipewa kwa sababu hakuna aliyepita mbele ya banda lake bila kukemewa. Lakini kutupa mtu? Hajawahi. Watoto wa shule walikuwa wanampanda na vidole puani. Asubuhi hiyo mkanda wa tumbo ulipokazwa, alilaza masikio nyuma. Mwalimu wa kupanda farasi, mtoto pekee wa mtunza farasi, alipokaa tu mgongoni, Shangazi akainua makalio juu, na mwalimu akaruka kama gunia na kuangukia mkono.

Baba yake aliacha ndoo ikibingirika.

"Mama! Umeumia wapi, mama?" Hivyo ndivyo alivyomwita binti yake tangu akiwa kichanga.

"Kifundo cha mkono, baba. Punguza sauti, unamtisha Shangazi."

"Akutupe yeye, halafu mimi ndiye namtisha?"

Meneja akatokea, simu mkononi. Huyo alikuwa mtu wa picha. Pale kwenye kituo cha farasi kila kitu, hadi rangi ya ndoo, alikichagua kwa jinsi kitakavyoonekana kwenye simu. Wakubwa ndivyo walivyo, wanakalia kiti cha kuzunguka na kuamua mgongo wa mwingine ubebe nini.

"Mnaona?" alisema, akimnyooshea kidole mwanamke aliyekuwa anakuja mbio na aproni ya ngozi kiunoni. "Tandiko jipya kabisa, halijamaliza wiki. Fundi, hii ndiyo kazi yako?"

"Meneja, hilo tandiko nilikata kama..."

"Ngoja. Mtunza farasi, wewe ndiye unayejua. Mwenye kosa ni farasi au ni tandiko?"

Hapo ndipo mtunza farasi alipoharibu.

Inafaa ijulikane kwamba yeye na fundi wa ngozi walikuwa wapenzi. Tangu mkewe afie kwenye benchi la hospitali, akimngoja daktari aliyekuwa kikaoni, mtunza farasi alikuwa haongei na mtu zaidi ya farasi. Fundi, mwanamke aliyeachika, mwenye ulimi mkali kuliko sindano zake, ndiye aliyemrudishia kicheko. Walishakubaliana: mwisho wa mwezi wamwambie binti, kisha wafunge ndoa bila makelele.

Sasa binti alikuwa kwenye matope, ameshika mkono wake, midomo imemkauka. Damu ikampanda baba.

"Tandiko," alisema. "Nilisema lipanuliwe. Huyu akalikata jembamba kwa kiburi chake. Asiyejua kazi asiguse ngozi!"

"Wewe," fundi alisema polepole. "Unanisema mimi?"

"Nakusema wewe. Umebakiza kidogo uniulie mtoto."

Fundi alifungua aproni, akaikunja, akaiweka kwapani.

"Sawa, mtunza farasi."

Hakusema "mzee wangu," kama alivyozoea kumwita wakiwa wawili. Alisema mtunza farasi, kama anayesoma kibao mlangoni.

"Vizuri," meneja alidakia. "Fundi, kile chumba changu ulichopanga mtaa wa nyuma nakitaka Jumamosi, kikiwa wazi."

Jioni mtunza farasi alituma ujumbe: "Nilikuwa na hasira."

Jibu lilikuja haraka: "Ulikuwa na watu. Hasira ungenipa tukiwa wawili."

Akaandika tena: "Nisamehe basi."

"Jumamosi nahamia kwa kaka yangu, mji mwingine. Usinitafute."

Alipopiga, simu haikuita. Fundi alikuwa ameifungia namba yake.

Siku mbili alizunguka bandani kama aliyepoteza ufunguo. Binti, mkono umefungwa bendeji, alikuwa anamtazama tu. Alhamisi akamvaa.

"Baba, wewe na fundi mna nini?"

"Tuna nini? Hatuna kitu. Leta ile brashi."

"Kila Jumapili unapaka mafuta ya nywele. Nywele zenyewe huna."

"Kichwa kinakauka."

"Kinakauka Jumapili tu?"

Mtunza farasi alishika brashi, akaiangalia kama ndiyo mara ya kwanza kuiona. "Nilitaka kukwambia mwisho wa mwezi, mama."

"Mnapendana?"

"Tulikuwa."

"Na ukamtukana mbele ya meneja?"

"Alikuumiza."

"Mimi niliumizwa na tandiko. Yeye umemuumiza wewe." Binti akachukua mtandio wake. "Nakwenda kwake."

"Atakufukuza."

"Anifukuze, nitakuwa nimeshafika."

Haikupita muda simu ya mtunza farasi ikalia. Binti alikuwa amemrushia ujumbe wa sauti, na chini yake ameandika: "Sikiliza mpaka mwisho. Huu alitumiwa fundi siku aliyokata tandiko."

Akaketi juu ya nyasi kavu, akaweka simu sikioni. Ilikuwa sauti ya meneja, laini kama ya mtu anayebembeleza mtoto:

"Fundi, habari za kazi. Nimeongea na mtunza farasi. Yeye mwenyewe anataka tandiko lipunguzwe upana, liwe jembamba, ndiyo linapendeza. Wewe kata tu. Wala usimpigie, ameshasema."

Mtunza farasi alirudia kusikiliza. Kwake yeye, siku zile, meneja alikuwa amekuja na maneno mengine kabisa, tena akiwa amemshika bega: "Fundi amekataa kupanua. Anasema wewe vipimo huvijui. Mwache, wanawake ukibishana nao hamfiki." Na yeye, mtu mzima na mvi zake, akaona aibu kumuuliza mwanamke aliyekuwa anakula naye kila Jumapili! Akameza, akavimba, akangoja siku ya kutapikia.

"Shangazi," alimwambia farasi, "sisi wajinga hatuishi."

Shangazi alikoroma.

Kupiga asingeweza, amefungiwa. Basi akalibeba tandiko begani, na blanketi zake, akashika kamba ya Shangazi, wakatoka getini mchana kweupe, wakakata mtaa wa nyuma. Wauza duka walitoka milangoni.

"Mzee, leo mshenga wako ana miguu minne?"

"Tena huyu anauma, usimjaribu!"

Mtunza farasi alikaza mwendo. Alisimama mbele ya mlango wa fundi. Ndani maboksi yalikuwa yamefungwa kwa kamba, nyundo na nyuzi zimeshaingia kwenye mfuko. Binti alikaa juu ya boksi moja, anakunywa chai.

Fundi akatoka, mikono kiunoni.

"Umenileteaje mnyama mlangoni?"

"Nimekuja kuomba msamaha."

"Na yeye amekuja kushuhudia?"

"Yeye ndiye aliyeumia zaidi. Nimesikia sauti ya meneja. Mimi aliniambia wewe ndiye uliyekataa."

"Na wewe ukaamini kwamba mimi nimesema hujui kazi."

"Niliamini."

"Bila hata kuniuliza?"

"Niliona aibu."

"Aibu ya kuniuliza ulikuwa nayo, ya kunitukana hukuwa nayo. Makubwa!" Alimpita, akaenda kwa Shangazi, akampapasa mabega. Farasi alitetemesha ngozi, akageuza kichwa kutaka kuuma. "Mtandike. Kama ulivyomtandika Jumanne ile, vilevile. Mkanda usikaze."

Mtunza farasi akaweka blanketi. Akaongeza ya pili. Alipokuwa anakunjua ya tatu, fundi alipiga makofi.

"Hebu simama hapo! Hizo zote za nini?"

"Niliona anaumia mabegani. Nikamwekea blanketi palainike. Alipozidi kuumia nikaongeza."

"Kiatu kikikubana, unaongeza soksi?"

Mtunza farasi alianza kuikunja upya ile ya tatu.

"Nakuuliza, mzee. Kiatu kikikubana, unavaa soksi tatu?"

"Hapana."

"Haya, weka tandiko juu ya hizo mbili, kisha ingiza mkono. Hapo chini ya tandiko, nyuma ya bega. Ingiza."

Aliliweka, akaingiza. Vidole vilifika nusu vikakwama, mbao ya ndani ikavibana mpaka akauma meno. Na hapo mgongoni hajakaa mtu bado.

"Ndivyo nilivyokuwa namfanyia?"

"Tandiko nimelikata mimi, kwa kuamini maneno ya mtu. Blanketi umeweka wewe, kwa kumpenda. Tumembana wote wawili." Sauti yake ilikuwa imeshuka. Akaweka mkono wake juu ya mkono wa mtunza farasi, akauvuta taratibu mpaka ukatoka, na hakuuachia mara moja.

Binti alikohoa. "Mimi nipo hapa, jamani."

"Tunakuona," fundi alisema, akauachia. "Weka kikombe chini uje. Tandiko lina wenyewe wawili, wa chini na wa juu. Kosa letu lingine, tulipima kila mmoja peke yake, wewe kwenye kiti changu na yeye bandani."

Alifungua maboksi. Kwanza akatoa tandiko pana la ngozi nyeusi, likakaa mgongoni mwa Shangazi kama limezaliwa naye. Mkono wa mtunza farasi ulipita chini yake bila shida. Wakampandisha binti, baba ameshika kamba karibu na kidevu cha farasi, jasho linamtoka.

"Unaonaje?" fundi aliuliza.

"Shangazi ametulia. Ila mimi nimekaa kama kwenye beseni, nateleza mbele na nyuma. Nikiteleza nitamvuta mdomo."

"Shuka. Hilo ni la mtu mwenye makalio yake," fundi alisema. "Ni la mtu kama mimi."

"Hatujasema kitu," alijibu mtunza farasi, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne fundi akaficha kicheko kwa kiganja.

Lingine likabana mabega, likatolewa kabla mkanda haujafungwa. Mwisho, chini kabisa, palikuwa na tandiko kuukuu la kahawia, limechubuka, lina kiraka ubavuni. Mwanya wa katikati ulikuwa mpana, uti wa mgongo unapumua, na kikalio kifupi. Fundi aliliweka mgongoni, akainama, akachungulia mwanga ukipita toka nyuma hadi mbele. Akafungua mshono, akaongeza sufu kidogo upande wa kushoto, akashona tena, uzi mdomoni. Kisha akalitandika. Blanketi moja, nyembamba.

Binti akapanda, mkono wenye bendeji kifuani.

Shangazi alipiga hatua, akapiga nyingine. Masikio yakaja mbele. Shingo ikashuka, akalamba midomo, halafu akatoa pumzi ndefu puani, ile ya mtu aliyevua viatu baada ya safari.

"Baba," binti alisema toka juu, machozi yanamlenga, "ni yeye. Ni Shangazi wetu yule yule."

Mtunza farasi aliegemea ukuta.

Ndipo gari la meneja likafunga breki kichochoroni.

"Nani amekuruhusu kutoa farasi kituoni? Na hilo tandiko bovu ni la nini? Litatokaje kwenye picha?"

"Piga uso tu, meneja," binti alijibu.

"Mtunza farasi, nakuuliza wewe!"

Mtunza farasi hakugombana. Alitoa simu mfukoni, akafungulia sauti mpaka mwisho. Wauza duka wakasogea. "Yeye mwenyewe anataka tandiko lipunguzwe upana... wala usimpigie, ameshasema..."

"Nilisema lini, meneja?" aliuliza.

Meneja aliangalia watu, akaangalia viatu vyake. "Ilikuwa... ni mambo ya utawala. Hamwezi kuelewa."

"Mtoto wangu ameanguka kwa mambo ya utawala."

"Basi, yaishe. Fundi abaki na chumba. Farasi arudishwe kabla ya jioni." Akaingia ndani ya gari na kurudi kinyumenyume, huku muuza duka mmoja akimwelekeza: "Kata kulia, bosi! Njia nayo nyembamba, ndiyo inapendeza!"

Mtaa mzima ukacheka. Kusema samahani hakusema, hao hawasemi.

Fundi alianza kufungua kamba za maboksi yaliyobaki. Mtunza farasi akamsogelea.

"Mzee wako anauliza kama kule kwa kaka bado unakwenda."

"Nitakwenda."

Mtunza farasi aligeuka kuifuata kamba ya Shangazi.

"Nitakwenda kumwambia kuna mtu anakuja kuniposa. Uje na maneno yako mwenyewe, usitume mtu tena." Akampiga kidogo begani na mfundo wa kamba. "Na ukiwa na shaka na mimi, niulize. Mdomo ninao."

"Nimekusikia."

"Na hizo blanketi mbili zibaki huku. Kuna baridi chumbani."

Mtunza farasi alicheka mpaka akashika mbavu. Kifua, kilichokuwa kimebanwa tangu Jumanne, na pengine tangu lile benchi la hospitali, kiliachia.

Binti alikuwa bado juu ya Shangazi, anawatazama. Alitabasamu, kisha tabasamu likapungua kidogo, akachezea manyoya ya shingo ya farasi.

"Fundi," alisema, "mkishaoana, hilo jina la fundi si litakuwa la kazini tu? Nyumbani mimi nitakuita nani?"

Fundi alimwangalia mtunza farasi. Mtunza farasi alimwangalia binti yake. Shangazi akaanza kutafuna kamba ya boksi, na hakuna aliyemkataza.