Ukuta Unaolambwa na Ndama

Jerono wa Kimeli hakuwa mtu wa roho mbaya, hapana. Ni ile njaa ya themanini na nne. Alikuwa uani, huko juu ya Kitale mlima unakoanzia, anachambua maharagwe, mume wake Kimeli alipoingia na mtoto wa marehemu dada yake huyo mume. Jepkosgei, miaka minane. Jerono hakuinua hata kichwa.

Majirani wakiuliza, "Huyu ni wako?" jibu lake lilikuwa moja: "Si wangu." Alilizoea kama salamu.

Akamlaza jikoni, kando ya ukuta. Akamnyoa upara, ati chawa. Kila asubuhi akamtuma na ndama kwenye pango la mlimani, ndama wakalambe chumvi ya mawe, vile watu wa mlima wamefanya tangu zamani.

Juma la kwanza mtoto alirudi akilia njaa. La pili akakataa ugali.

"Nimeshiba, aunti."

"Umeshibishwa na nani? Mawe?"

Mtoto akacheka tu.

Ijumaa jirani yake Sellah akasimama uani. "Jerono, ati umepata mtoto mwingine? Yule si alikuwa na kichwa kama yai?"

Jerono akageuka. Jepkosgei alikuwa na misuko. Myembamba, mpaka shingoni. Na wiki mbili hazijaisha tangu wembe.

"Nani amekusuka?"

"Mama wa kule ndani. Kule kuna jua, aunti. Kuna watoto. Na yeye hana haraka."

Mchawi, Jerono akawaza. Nani hulisha mtoto wa wenyewe bure? Lakini kilichomchoma ni kwamba yeye hakuwahi kushika kichwa kile ila kwa wembe.

Jumatatu akamfuata, saa nne, jua kali. Mtoto akaingia pangoni na ndama wanne. Jerono akangoja. Akaingia.

Giza. Baridi. Halafu harufu ya maziwa moto. Mbele, mwanga kama wa mlango. Kicheko cha mtoto.

"Jepkosgei! Njoo twende nyumbani."

Kicheko kikakatika. Sauti ya mwanamke ikanong'ona sikioni mwake.

"Huyu ni wako?"

Mdomo wa Jerono ukajibu kabla ya moyo.

"Si wangu."

Mwanga ukazimika. Akapapasa. Jiwe tupu.

Wanaume walitafuta siku tatu kwa tochi. Pango liliisha hatua thelathini. Ndama walikuwa wamerudi peke yao, mikia imesukwa.

Kesho yake ndama wakaingia jikoni, wakalamba ukuta pale mtoto alipokuwa akilala. Jerono akawachapa, akakandika upya. Wakalamba tena. Kimeli akawauza, wale wengine alionunua soko la Ndalu wakalamba palepale. Alama ikatokea, imesimama wima: kichwa, mabega, miguu miwili midogo.

"Ni wangu," Jerono huuambia ukuta kila asubuhi. "Ni wangu mimi."

Hajajibiwa. Ila mwaka wa tisini na mbili alisimama kando ya ile alama, akajipima. Zamani ilimfika kiunoni.

Sasa ilimfika machoni.