Ndoo Iliyooshwa

Kila asubuhi, kabla hajaanika shuka hata moja, Mama Povu alitundika kitambaa cheupe kwenye kamba. Kilikuwa kitambaa kidogo, ukubwa wa kiganja. Alikiacha pale mpaka chai ichemke. Kisha alikirudia na kukipitishia kidole. Kidole kikitoka safi, alianika. Kidole kikitoka cheusi, alikitia kitambaa kwenye mfuko wa vitambaa vichafu, akasubiri upepo ugeuke. Siku nyingine alisubiri mpaka mchana.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kiwanda cha umeme. Kiwanda kilichoma makaa ya mawe kila siku. Moshi ulipanda kwenye bomba refu, ukasambaa, na majivu yake laini yakashuka popote upepo ulipoyapeleka. Mara nyingi upepo uliyapeleka uani kwa Mama Povu.

Ingekuwa majivu peke yake, angevumilia. Kilichomnyima raha ni wifi yake.

Wifi huyo, dada mdogo wa mumewe, naye alikuwa dobi. Aliishi mtaa wa juu, nyuma ya kilima kidogo, ambako moshi ulipita kando. Huko mashuka yalikauka meupe bila kusubiri chochote. Na kazi hiyo alifundishwa na nani? Na Mama Povu mwenyewe, kwenye karai lile lile. Sasa mwanafunzi alikuwa na wateja wengi kuliko mwalimu. Mama Povu alimwona akipita na furushi kichwani, akatabasamu, akamjulia hali, kisha akarudi uani na kufua kwa hasira. Alimwonea wivu, na alijua kwamba anamwonea wivu, na hakuweza kuacha.

"Dada yako leo amepata mashuka ya zahanati," alimwambia mumewe siku moja.

Mumewe alifanya kazi pale pale kiwandani, kwenye mkanda wa kupitisha makaa. Alikuwa ndio kwanza amevua viatu.

"Anajitahidi," alisema. "Ana mkono mwepesi, yule."

"Mkono mwepesi? Ana kilima. Mimi nikipewa kilima nitafua mpaka mawingu."

Mumewe alikohoa. Kikohozi hicho kilikuwa kimeingia mwaka wa pili.

Wiki ile ile alikuja mgeni. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye buti, na mkokoteni wake ulikuwa umejaa ndoo. Kazi yake ilikuwa kupima hewa na maji. Watu hawakuchelewa kumbatiza jina. Walimwita Bibi Ndoo.

"Hodi, mama. Naomba niweke ndoo moja uani kwako," alisema.

"Ya nini, dada? Mimi ninazo tele."

"Hii ni ya kukusanya vumbi. Kiwanda kinataka kufunga mitambo miwili ya kusafisha moshi. Wa kwanza ni mifuko mikubwa ya kuchuja. Moshi unapita, majivu yanabaki. Wa pili unaunyunyizia moshi maji yenye unga wa mawe ya chokaa. Maji hayo yanakamata gesi ya salfa. Gesi hiyo huioni, lakini inawasha macho na kubana kifua."

Mama Povu aliangalia ndani, ulikotoka mlio wa kikohozi.

"Basi wafunge. Wanangoja nini?"

"Nikuulize wewe fundi," Bibi Ndoo alisema. "Ukifua shuka, uchafu unakwenda wapi?"

"Unabaki kwenye maji."

"Na maji unayamwaga wapi?"

"Kule mtaroni, mbali. Nikimwaga hapa yatarudi kisimani kwangu."

"Umeshanielewa. Kiwanda nacho kitafua moshi. Uchafu utatoka hewani, utabaki kwenye maji na tope. Tope hilo linataka mahali pa kuwekwa. Tena mtambo utavuta maji mengi mtoni, na malori ya chokaa yatapita kila siku. Kwa hiyo tunafanya tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kufunga. Tunapima hali ilivyo leo. Tunakadiria nini kitapungua na nini kitaongezeka. Tunauliza nani atapata nafuu, na nani atabebeshwa mzigo."

Akasimamisha kigingi, akafunga juu yake ndoo yenye namba nne. Ndani alitia maji kidogo ili vumbi likitua lisipeperuke tena.

"Itakaa miezi mitatu, na kila mwezi ukiisha nitachukua kilichomo. Usiimwage, usiifunike, usiioshe."

"Mwezi mzima bila kuoshwa?" Mama Povu alishtuka. "Wateja watanionaje?"

"Watakuona unasaidia kupima, mama."

Ndoo kumi ziliwekwa mitaa yote miwili. Ndoo ya saba iliwekwa kwa wifi yake.

Mwezi ulipokwisha, matokeo yalibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya mtaa. Ndoo ya nne ilikuwa na vumbi jingi kuliko zote. Ndoo ya saba ilikuwa na vumbi kidogo kuliko zote. Siku mbili baadaye, msimamizi wa nyumba ya wageni alipita kwa Mama Povu kuchukua mashuka yake. Hakuleta mengine.

Jioni wifi yake alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni akicheza na ncha ya kanga.

"Wifi, usinione vibaya. Wale wa nyumba ya wageni wamenifuata. Sikuwaita."

"Aa, nikuone vibaya kwa nini? Riziki yako hiyo, wifi yangu. Karibu chai."

Maneno yalitoka laini, lakini moyoni alikuwa anachemka. Kama angenijia na majivuno ningemjibu, aliwaza. Huo upole wake ndio unaonikata maini.

Kesho yake alfajiri alipanda kigoda, akaiteremsha ndoo ya nne, akamwaga maji yake. Aliisugua kwa sabuni na mchanga mpaka ikang'aa. Ilikuwa kazi aliyoijua kuliko watu wote wa mtaa. Akatia maji mapya mpaka pale pale yalipokuwa, akairudisha. Baada ya siku tatu alirudia. Ikawa desturi.

Matokeo ya mwezi wa pili yalipotoka, ndoo ya nne ilikuwa safi kuliko hata ya saba. Mama Povu alipita mbele ya ubao ule mara tatu kwa siku, akijitia anakwenda dukani.

Bibi Ndoo alikuja, akaichungulia ndoo, akakunja uso.

"Mama, kuna aliyeigusa hii?"

"Nani aiguse? Mimi nina nguo za kufua, dada. Labda upepo umegeuka."

Bibi Ndoo aliandika kitu kwenye daftari lake, akaondoka. Mwezi wa tatu ukawa vile vile. Nyumba ya wageni haikurudisha mashuka yake, lakini Mama Povu alijipa matumaini.

Ndipo ramani ikabandikwa. Ilikuwa rasimu tu, ilisema hivyo juu kabisa, na wananchi walialikwa mkutanoni kutoa maoni. Mama Povu aliisogelea, akatafuta nyumba yake kwa kidole. Aliipata. Nyuma yake tu, hatua hamsini kutoka kisimani, palichorwa mstatili wenye maneno mawili: bwawa la tope.

Karani wa ofisi alikuwa anapanga viti. Alimweleza bila hata kuinua kichwa.

"Tope likikauka, mama, upepo hulirusha. Kwa hiyo wametafuta sehemu ambayo haijalemewa na vumbi. Vipimo vinaonyesha kwako ndiko safi kuliko kote."

Mama Povu alirudi nyumbani, miguu mizito. Alikuwa amejipalia makaa kwa mikono yake mwenyewe. Bwawa likivuja, kisima kimekwenda. Bila kisima hana kufua. Lakini akisema ukweli, mji mzima utajua kwamba uani kwake ndiko kuchafu kuliko kote, na wateja watatu waliobaki watapanda kilima. Na wifi yake atasikia.

Mumewe naye alikuwa ameiona ramani.

"Safi? Hapa?" alisema. Akakohoa, akangoja kikohozi kipite. "Mke wangu, ndoo ile uliigusa?"

"Kula, chakula kitapoa," alijibu.

Mumewe alivuta sahani, akala.

Siku ya mkutano darasa la shule lilijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Bibi Ndoo alieleza ramani. Kisha akauliza nani ana la kusema. Wa kwanza kusimama alikuwa wifi.

Hata hapa, Mama Povu aliwaza. Hata hapa lazima aanze yeye.

"Mimi sikubaliani na ndoo ya nne," wifi alisema. "Kazi nimejifunzia kwenye ule ua. Nimesimama pale na kitambaa mkononi mpaka saa sita mchana, nikingoja upepo. Haiwezekani kuwe safi kuliko kwangu. Mkiweka bwawa pale mtamharibia kisima, na kisima kile ndicho mkono wake wa kulia. Pimeni tena."

Watu walinong'ona. Mama Povu aliinamisha kichwa. Miezi mitatu alikuwa amehangaika kumzidi mtu huyu, na mtu mwenyewe alikuwa amesimama mbele ya wote akimpigania. Aliona aibu kuliko alivyowahi kuona maishani. Akapiga moyo konde, akasimama.

"Ndoo niliiosha mimi."

Darasa lilicheka. Bibi Ndoo hakucheka.

"Mara ngapi, mama?"

"Kila baada ya siku tatu. Kwa sabuni."

"Kwa nini?"

Alifikiria kusema hakuelewa maagizo. Wangemwamini. Lakini wifi yake alikuwa anamtazama.

"Kwa wivu," alisema. "Niliona ndoo ya wifi yangu inasifiwa, yangu inatia aibu. Sikutaka anizidi na kwa vumbi pia."

Safari hii hakuna aliyecheka. Mama Povu alifungua mfuko aliokuja nao bila kujua kama ataufungua, akamwaga mezani vitambaa vidogo, kama themanini hivi. Vyote viliwahi kuwa vyeupe. Sasa vilikuwa rangi ya jiko.

"Hivi ni vya miezi ile ile mitatu. Kitambaa kikishafika hapa hakitakati tena. Mtazame wenyewe."

Bibi Ndoo alichukua kimoja, akakipitishia kidole.

"Vitambaa havipimwi kwa mizani yangu," alisema, "lakini vinanitosha kujua kwamba namba zangu si za kweli. Nami niliona hazikai sawa mwezi wa pili, nikaamini upepo. Ni kosa langu hilo. Jamani, tathmini ni kama mizani ya dukani. Ukiweka kidole juu yake, atakayepunjwa huenda ukawa wewe. Kupima kwetu si mashindano ya nani msafi. Palipo na uchafu mwingi ndipo panapohitaji kusaidiwa kwanza. Tutapima upya miezi mitatu, na safari hii tutapima maji ya visima pia."

Nje ya mlango wifi alimngoja.

"Wifi, na mimi nilikuonea wivu," alisema.

"Wewe? Unionee wivu kwa kipi?"

"Kisima. Mimi naletewa maji kwa mkokoteni, nusu yamemwagika njiani. Kila nikisuuza nakikumbuka kile kisima chako, roho inaniuma."

Mama Povu alimtazama kama aliyeambiwa jua limechomoza magharibi. Kisha wote wawili wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Kuanzia wiki ile walifua pamoja kisimani na kuanika pamoja nyuma ya kilima. Mashuka ya nyumba ya wageni yalishuka asubuhi yakiwa machafu, yakapanda kabla ya adhuhuri yakiwa meupe. Mume wa Mama Povu alishangaa kwamba hawakuwahi kufikiria jambo hilo mapema. Wote wawili walimwambia anyamaze.

Vipimo vipya vilitoka, na ramani ikabadilika. Bwawa lilihamishiwa upande wa pili wa kiwanda, mbali na nyumba na visima. Chini yake lilitandikwa plastiki nene ili lisivuje, na tope lake hunyunyiziwa maji lisipeperuke. Sehemu ya tope hukaushwa ikawa jasi, ile ya kutengenezea dari. Maji ya mtambo husafishwa na kutumika tena, ili mto usikauke. Malori ya chokaa yanapita yamefunikwa turubai, nyuma ya makaburi, si mbele ya shule. Si kwamba mzigo wote umekwisha. Mto bado unachotwa, na kiwanda hutumia kiasi cha umeme wake wenyewe kuendesha mitambo ile. Lakini sasa kila mtu anajua mzigo uko wapi.

Ndani ya mwaka mmoja na nusu mitambo yote miwili ilikuwa inafanya kazi. Kikohozi cha mumewe hakikuisha kabisa, ila sasa anamaliza habari nzima bila kukatizwa. Asubuhi moja Mama Povu alitundika kitambaa chake, akaenda kunywa chai, akasahau. Alikikumbuka saa sita. Alikipitishia kidole, kidole kikatoka safi. Alikivua, akapanda nacho kilima mbio, mtu mzima yule, kwenda kumwonyesha wifi yake.

Wifi alikipokea, akakiweka kando ya cha kwake.

"Changu cheupe zaidi," alisema.

"Ni macho yako," Mama Povu alijibu, na kwa nukta moja roho ilimuuma kama zamani.

Ndoo ya nne bado iko pale uani, juu ya kigingi chake, kwa sababu upimaji unaendelea hata baada ya mitambo kufungwa. Ndani yake mna vumbi kidogo, jani moja na nzi aliyekufa. Wateja wakiingia huitazama, kisha humtazama mwenye ua. Mkono humwasha. Lakini katika ua mzima wa Mama Povu, hicho ndicho chombo pekee kisichooshwa.